Shubiri Tatu

Mwezi wa tatu ufa ulikuwa uzi tu
kati ya kahawa na migomba.
Kuloba akaupiga jembe, akaufukia, akanawa mikono.
Mwezi wa nne ukameza kidole.
Leo alfajiri nimepiga magoti, nikaupima kwa mkono:
shubiri tatu,
na pumzi ya baridi inatoka ndani
kama mtungi ulioachwa wazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wahenga hao hawakulima Masaba.
Huku ukuta huja wenyewe, usiku,
na miti yake, na mawe yake,
na ng'ombe wa jirani akiwa bado na kamba shingoni.

Bwana wa serikali alikuja na buti safi,
akaondoka na buti kama zetu.
Alituandika daftarini. Akasema kuna nyumba tambarare,
bati jipya, ekari moja kwa kila kaya.
Kuloba akacheka, kile kicheko chake cha mdomo uliofumbwa.
Baba yake amezikwa hatua ishirini kutoka jikoni.
Mibuni mia tatu, kila mmoja anaujua kwa tabia:
huu mvivu, huu mkorofi,
huu ulilipa karo ya Wandeba.
"Mkono unaokulisha," aliniambia usiku,
"ndio utakaokuonyesha pa kuketi."

Mimi niliukumbuka mwaka ule wa matope.
Hatukumngoja mtu. Tulichimba siku mbili kwa majembe,
tukamtoa Khalayi, kijiko bado mkononi.
Siku ya tano lori likafika:
maturubai, maharage, unga wenye nembo,
na kijana wa kupiga picha.
Niliyala yale maharage. Sitasema yalikuwa machungu.
Yalikuwa maharage, na watoto walikuwa na njaa.

Sanduku la chama chetu lina makufuli matatu.
Tumechanga tangu mavuno ya vitunguu,
elfu mbili, elfu mbili,
tununue miche ya mianzi, tuchimbe mitaro,
mlima tuufunge mkanda.
Ufunguo mmoja ninao mimi.
Wa pili anao Muzaki.
Wa tatu ulishuka na Neumbe kwenye lori la serikali,
umefundikwa kwenye ncha ya leso yake.
Basi kujitegemea kwetu kukakaa chini ya kitanda,
kimya, kumefungwa,
kukimngoja mtu aliyekubali msaada.

Jumamosi alipanda, mwendo wa asubuhi nzima,
kaungua jua la bondeni.
Tukamzunguka. Udongo ukoje?
"Mweusi, unanata. Mahindi unayajua. Kahawa hauijui."
Maji?
"Foleni."
Na nyumba?
"Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya ukutani."
Tukacheka sote. Muzaki akasema, "Basi rudi, mama."
Neumbe akatumbukiza ufunguo, kufuli likalia.
"Mvua ikinyesha," alisema, "mimi nalala."

Hakuna aliyemjibu.
Tulizihesabu zile fedha mara mbili,
ingawa mara ya kwanza zilikuwa kamili.

Mianzi tumeinunua. Kuloba yumo mtaroni tangu juzi,
hasemi na mtu,
anatupa udongo juu kana kwamba anamlipa mtu deni.
Nimempelekea chai. Nimemwona akisimama,
akiuegemeza mguu ukingoni mwa ufa,
akipima, kwa siri, kwa unyayo.

Nami nimekwenda kwa bwana wa buti,
nikawaandikisha watoto wanne, majina yao kamili,
hata la kitinda mimba, ambalo bado tunabishania.
"Na wazazi?" Kalamu yake ikabaki hewani.
Nikatazama dirishani. Wingu limekaa begani mwa mlima
kama mgeni asiyeaga.
"Acha mistari miwili," nikamwambia.
"Acha mistari miwili wazi."